Uso wa Mashua: Sayansi ya Usafi na Matunzo ya Vyombo vya Matembezi

Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, katika fukwe za Msasani, Tanga, Shangani au Shela huonekana vyombo vingi vimelala ubavu juu ya mchanga. Zimo ngalawa na mashua za wavuvi, na siku hizi zimo pia boti za faiba zitumiwazo kwa matembezi, kwa mashindano ya tanga, kwa kupiga mbizi na kwa kuwapeleka wageni visiwani. Kando ya kila chombo aghalabu yupo mtu aliyeinama akikwangua, akisugua au akipaka rangi, naye hufanya kazi kwa haraka, kwa kuwa baada ya saa chache maji yatajaa tena.

Kwa mpita njia, hiyo ni kazi ya kawaida isiyo na ajabu. Kwa mwanafunzi wa sayansi, lakini, hapo pana somo kubwa. Yule anayekwangua anapambana na viumbe ambao Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka minane. Yule anayefunga kipande cha zinki karibu na rafadha anatumia kanuni iliyojaribiwa na Humphry Davy mwaka 1824. Na yule anayechagua kopo la rangi dukani, hata kama hajui, anaamua jambo linalohusu uhai wa chaza na konokono wa ghuba nzima.

Uso wa chombo cha baharini hushambuliwa na maadui wanne: viumbe hai, chumvi, jua na matunzo mabaya ya binadamu. Makala haya yanaeleza jinsi kila mmoja afanyavyo kazi yake na jinsi anavyoweza kuzuiwa bila kuidhuru bahari yenyewe.

MJI JUU YA UBAO

Kitu chochote kigumu kikitumbukizwa baharini hakikai kitupu. Katika dakika za mwanzo, molekuli za protini na za sukari zilizoyeyuka majini hujishika juu yake na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio msingi wa mji mzima. Baada ya saa chache bakteria hufika, hujibandika na kutoa ute. Hufuatwa na diatomu, yaani mimea midogo sana yenye magamba ya silika, na kwa pamoja hufanya ule utelezi wa rangi ya kahawia au kijani ambao kila mvuvi anaujua. Juu ya utelezi huo huota mwani, kisha hufika wanyama: chaza wadogo, minyoo ijengayo vijumba vya chokaa, na hasa barnakli.

Barnakli ni yule mdudu mweupe mwenye umbo la kilima kidogo chenye tundu juu, ambaye huchana miguu ya waogeleaji juu ya miamba na nguzo za gati. Kwa kuwa ana gamba gumu, kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu kuwa jamaa ya konokono na chaza. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson alionyesha kuwa kiluwiluwi chake hufanana na viluwiluwi vya kaa na kamba, na kwamba barnakli ni wa jamii hiyo ya krasteshia. Darwin naye aliwachunguza wanyama hao tangu mwaka 1846 hadi 1854 na kuandika vitabu vikubwa juu yao.

Maisha ya barnakli yanaeleza kwa nini ni taabu kumwondoa. Anapozaliwa huogelea huru. Katika hatua ya mwisho ya utoto wake huacha kula, akawa na kazi moja tu: kutafuta mahali pa kukaa maisha yake yote. Hutembea juu ya uso wa kitu kwa vipapasio vyake, akipapasa na kuonja. Akiridhika hutoa gundi, hujigandisha kichwa chini, kisha hujijengea kuta za kalisi kaboneti. Gundi hiyo hushika imara ndani ya maji ya chumvi, mahali ambapo gundi nyingi za viwandani hushindwa. Mnyama akishafikia hatua hiyo hakuna sabuni itakayomtoa. Hapo hutakiwa chuma cha kukwangulia, na mara nyingi rangi nayo hubanduka pamoja naye.

Hasara yake inahesabika. Maji yapitayo kando ya uso laini huteleza kwa utulivu kiasi. Yapitayo juu ya uso wenye makwaruzo huvurugika na kukivuta chombo nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu manowari za Marekani ulikadiria kwamba meli yenye barnakli wengi chini huweza kuhitaji nguvu ya ziada ya hadi asilimia 86 ili iende kwa mwendo wake wa kawaida wa safari. Ute peke yake, usio na gamba lolote, hutosha kuongeza matumizi ya mafuta. Ndiyo maana mashua za mashindano husuguliwa na kulainishwa kabla ya siku ya kushindana, na ndiyo maana mwenye boti ya injini aonaye mafuta yanaisha upesi kuliko kawaida hana budi kutazama chini ya boti yake kabla ya kuilaumu injini.

ADUI AKAAYE NDANI

Barnakli huharibu mwendo. Teredo huharibu chombo chenyewe. Kwa umbo teredo hufanana na mnyoo mrefu mweupe, lakini kwa hakika ni moluska, jamaa ya chaza na kombe. Magamba yake mawili yamepungua yakawa madogo sana, nayo yako kichwani, yakitumika kama tupa ya kutobolea mbao.

Kiluwiluwi cha teredo hutua juu ya ubao na kutoboa tundu dogo kama la pini. Kuanzia hapo mnyama huingia ndani, hukua, na huzidi kuchimba huku akilipaka pango lake lipu ya chokaa. Bakteria waishio katika matamvua yake humsaidia kuyeyusha selulosi ya mti iwe chakula. Mkia wake hubaki mlangoni ukivuta maji, na anapohisi hatari huuziba mlango kwa vipande viwili vigumu. Kwa hiyo ubao uliobunguliwa na teredo waweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Chombo cha namna hiyo huweza kupasuka ghafla kikipigwa na wimbi, abiria wakiwamo.

Uholanzi ilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Mnamo miaka ya 1730 na 1731 iligunduliwa kuwa nguzo za mbao zilizolinda kingo za bahari zimeliwa na teredo, na nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari ikaingiwa na hofu. Mwaka 1733 Godfrey Sellius alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba kiumbe huyo si mnyoo bali ni moluska. Karibu karne moja baadaye, mhandisi Marc Brunel, aliyevutiwa na jinsi teredo anavyochimba huku akiimarisha kuta nyuma yake, alibuni ngao ya kuchimbia iliyotumika kujenga njia ya chini ya mto Thames huko London kati ya mwaka 1825 na 1843.

HEKIMA YA MAFUNDI WA PWANI

Mafundi wa vyombo wa pwani ya Afrika Mashariki hawakungoja maabara. Njia zao zilitokana na uzoefu wa karne nyingi, na kila moja ina maelezo yake ya kisayansi.

Njia ya kwanza ni kalafati: pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa katika nyufa zilizo kati ya mbao. Mbao zikilowa huvimba, pamba hubanwa, na maji hukosa njia. Kwa sababu hiyo mashua ya mbao iliyokaa juani kwa majuma mengi huvuja siku ya kwanza ya kurudi majini, kisha hutulia.

Njia ya pili ni deheni, yaani shahamu ya mnyama iliyochanganywa na chokaa na kupakwa kwenye tumbo la chombo, kuanzia mkuku hadi mstari wa maji. Hapa pana kemia nzuri. Chokaa iliyozimwa ni kalisi haidroksaidi, nayo ni besi. Shahamu ni muungano wa gliseroli na asidi za mafuta. Viwili hivyo vikikutana, sehemu ya shahamu hugeuka kuwa sabuni ya kalisi. Tofauti na sabuni ya kufulia, ambayo ni ya sodiamu au potasiamu, sabuni ya kalisi haiyeyuki majini. Ni ileile takataka nyeupe ionekanayo juu ya maji magumu mtu anapofua. Taka hiyo inayomkera mfuaji ndiyo inayokuwa ngozi ya kinga kwa mashua. Ikisharika na kushikwa na viumbe, hukwanguliwa pamoja nao na nyingine ikapakwa.

Njia ya tatu ni sifa, mafuta yatokanayo na maini ya papa, ambayo hupakwa kwenye mbao zilizo juu ya maji. Mafuta ya samaki yana asidi nyingi za mafuta ambazo hazijashiba haidrojeni. Hizo huungana na oksijeni ya hewa na kuganda polepole zikawa utando. Utando huo hupunguza maji yaingiayo na kutoka katika ubao, na hivyo mbao hazipasuki upesi. Harufu yake ni kali, wala wageni wa matembezi hawaipendi. Ndiyo maana vyombo vingi vya starehe hupakwa mafuta ya kitani au vanishi badala yake. Kanuni ni moja, ila harufu ni tofauti.

Njia ya nne ni moto. Chombo hulazwa pwani, na makuti makavu huwashwa chini yake kwa uangalifu ili ubao upate joto bila kuungua. Joto hilo hupenya ndani na kuharibu protini za teredo aliye katika pango lake, mahali ambapo hakuna panga wala brashi iwezayo kumfikia. Tahadhari moja ni muhimu: njia hii ni ya vyombo vya mbao peke yake, tena iliyo mikononi mwa fundi mwenye uzoefu. Boti ya faiba ikikaribiwa na moto huungua upesi na kutoa moshi wenye sumu.

SHABA, CHUMA NA UMEME WA BAHARINI

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika manowari moja, HMS Alarm, kwa mabati membamba ya shaba ili kuikinga na teredo. Ilipochunguzwa baada ya safari ya visiwa vya Karibi, ubao ulikuwa mzima na mwani ulikuwa haba, kwa kuwa ioni za shaba ziyeyukazo kidogo kidogo huwadhuru viluwiluwi vitakavyo kutua. Lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Mahali ambapo karatasi ya kufungia ilikuwa imesahauliwa kati ya madini hayo mawili, chuma kilibaki salama.

Sababu yake hufundishwa leo katika kidato cha tatu na cha nne. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri. Dini lenye tabia zaidi ya kutoa elektroni huliwa, na jingine husalimika. Katika mpangilio wa vipimo vya kawaida, zinki ina volti -0.76, chuma -0.44 na shaba +0.34. Kwa hiyo chuma kikiwa pamoja na shaba, chuma ndicho kinachoyeyuka. Chuma kikiwa pamoja na zinki, zinki ndiyo inayoyeyuka na chuma hupona.

Davy aliitumia kanuni hiyo mwaka 1824 kuikinga shaba ya manowari kwa vipande vya zinki na chuma. Kwa upande wa kemia alifaulu kabisa: shaba iliacha kuliwa. Kwa upande wa biolojia alishindwa, kwa kuwa shaba isiyoyeyuka haitoi ioni, na shaba isiyotoa ioni haimzuii barnakli. Manowari zikaota mwani, na baada ya miaka michache mpango ukaachwa. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi: jibu sahihi la swali moja laweza kuwa kosa katika swali la jirani.

Hata hivyo wazo la Davy halikufa. Boti za leo zenye rafadha na usukani wa madini hufungwa kipande cha zinki au aluminiamu kiitwacho anodi, ambacho hujitoa kafara badala ya rafadha. Kanuni zake za matunzo ni mbili. Anodi isipakwe rangi kamwe, kwa kuwa ikifunikwa haifanyi kazi. Tena ibadilishwe ikishaliwa kiasi cha nusu, badala ya kungojewa iishe.

DAWA ILIYOGEUKA SUMU

Katika miaka ya 1960 viwanda vilianza kuuza rangi za chini ya maji zenye tributilitini, yaani mchanganyiko wa kikaboni wa bati, ufupishwao TBT. Dawa hiyo ilifanya kazi vizuri kupita matarajio: chombo kilichopakwa kilikaa kisafi kwa miaka. Wenye mashua za starehe wa Ulaya waliipokea kwa furaha.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, waliona mambo ya ajabu. Magamba ya chaza yalinenepa na kuvimba, nyama ikabaki ndogo isiyouzika, na vizazi vipya havikushika. Ghuba hiyo ilikuwa na mashua nyingi za matembezi zilizotia nanga humo. Uchunguzi uliionyesha TBT kuwa chanzo. Uingereza nako iligunduliwa kwamba konokono wa kike wa baharini huota viungo vya kiume wakipata dawa hiyo, wakashindwa kutaga, na katika baadhi ya bandari jamii zao zikatoweka. Kiasi cha kuleta madhara hayo ni karibu nanogramu moja katika lita moja ya maji. Ili kuelewa udogo huo, gramu moja ya dawa ingetosha kuchafua kwa kiwango hicho mabwawa 400 ya kuogelea, kila moja likiwa na urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2.

Ufaransa ilipiga marufuku rangi hizo kwa vyombo vyenye urefu wa chini ya mita 25 mwaka 1982, na Uingereza ikafuata mwaka 1987. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana mkataba wa kimataifa wa kuzuia rangi zenye madhara, nao ulianza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Tangu Januari 2023 mkataba huo unazuia pia saibutrini, dawa iliyotumika kuua mwani.

Rangi nyingi za leo hutegemea oksaidi ya shaba. Hiyo ina madhara madogo kuliko TBT, lakini haikosi madhara kabisa. Ikikwanguliwa na kuachwa mchangani, vumbi lake huingia katika matope walimo kaa na chaza. Kuna pia rangi za silikoni zisizo na sumu. Hizo haziui kitu. Uso wake ni laini kiasi kwamba kiumbe akitua hapati pa kushika, na chombo kinapokwenda kasi husombwa na maji. Ila boti ikaayo nangani majuma mengi bila kutembea hainufaiki sana na rangi hiyo.

BOTI YA FAIBA NA JUA LA TROPIKI

Boti za faiba zilianza kutengenezwa katika miaka ya 1940. Nyuzi za kioo hulowekwa katika resini ya poliesta, nayo hugandishwa ikawa kitu kimoja kigumu na chepesi. Kwa nje hupakwa tabaka la resini yenye rangi liitwalo jelikoti, ambalo unene wake ni kama nusu milimita tu. Tabaka hilo ndilo ngozi ya boti. Likiisha, nyuzi za kioo hubaki wazi na kunywa maji.

Teredo hali faiba, na watu wengi hudhani kwamba boti ya faiba haihitaji matunzo. Dhana hiyo si sahihi. Adui wake mkuu ni jua. Mionzi ya urujuanimno ina nishati ya kutosha kuvunja viungo vya kemikali katika resini. Oksijeni humalizia kazi hiyo, na uso uliokuwa ukimeremeta hupauka na kutoa unga mweupe kama chaki. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jambo hilo hutokea upesi kuliko Ulaya. Jaribio lake ni rahisi: kitambaa cheusi kipitishwe juu ya ubavu wa boti, na kikitoka na unga, jelikoti imeanza kuoza.

Adui wa pili ni maji yenyewe. Jelikoti haizuii maji moja kwa moja. Molekuli chache hupenya kila siku. Zikikutana na mabaki ya kemikali ambayo hayakuganda vizuri kiwandani, hufanya mmumunyo mzito ndani ya ukuta wa boti. Kwa osmosisi, maji zaidi huvutwa kuelekea mmumunyo huo, shinikizo huongezeka, na malengelenge hutokea juu ya uso. Lengelenge likitobolewa hutoa maji yenye harufu kali kama ya siki. Dawa yake ni kukausha, kuondoa sehemu mbovu na kuziba kwa resini ya epoksi. Boti ipandishwayo nchi kavu mara kwa mara huugua ugonjwa huo kwa nadra.

UTARATIBU WA KUSAFISHA

Kutokana na hayo yote, matunzo mema hufuata hatua chache zenye sababu.

1. Baada ya kila safari chombo kisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuanzia juu kwenda chini. Chumvi ikikauka huwa fuwele zinazokwaruza, tena hunyonya unyevu wa hewa usiku na kuyalowesha madini upya. Hata chuma kisichoshika kutu hutoboka chumvi ikikaa katika pembe zisizopata hewa.

2. Uchafu wa kawaida uoshwe kwa sabuni laini na kitambaa au brashi laini. Mchanga uondolewe kwa maji kwanza, maana kitambaa chenye mchanga ni msasa.

3. Ute uondolewe ungali ute. Majuma mawili huachana kati ya bamvua na bamvua. Mwenye mashua anayepangusa tumbo la chombo kila bamvua hufanya kazi ya nusu saa, na anayengoja miezi sita hufanya kazi ya siku mbili na hupoteza rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Mabaki ya chokaa ya barnakli juu ya jelikoti huyeyuka kwa asidi hafifu kama siki, na madoa ya kutu hutoka kwa asidi oksaliki. Glavu na miwani ya kukinga macho zivaliwe, kwa kuwa asidi oksaliki ni sumu. Asidi isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo yaweza kuua.

5. Jelikoti iliyopauka isuguliwe kwa dawa laini ya kung'arisha, kisha ipakwe nta. Kila msuguo hupunguza ile nusu milimita. Kwa hiyo nta ipakwe mapema ili msuguo usihitajike mara nyingi. Turubai la kuifunika boti hushinda dawa zote.

6. Sitaha ya msaji isuguliwe kukatiza nyuzi za mti, wala si kuzifuata. Brashi ngumu ikifuata nyuzi huchimbua sehemu laini na kuacha mifereji ambamo uchafu na kuvu hukaa.

7. Rangi ya zamani ya chini ya maji isuguliwe kwa msasa wenye maji, juu ya turubai, na mfanyakazi afunike pua na mdomo kwa barakoa ifaayo. Takataka zikusanywe zitupwe mahali pa taka zenye sumu, zisiachwe ufukweni zikachukuliwa na maji yajaayo.

Kwa vyombo vya maziwa, kama vile Viktoria, barnakli na teredo si tatizo, kwa kuwa hao ni wa maji ya chumvi. Lakini jua ni lilelile, na mwani upo. Zaidi ya hayo, boti ihamishwayo kutoka ziwa moja hadi jingine yaweza kubeba vipande vya gugu maji au mayai ya konokono. Isafishwe, imwagwe maji yote ya ngamani na ikaushwe kabla ya kuhamishwa.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: bilauri tatu, misumari mitatu ya chuma isiyopakwa zinki, waya mtupu wa shaba, ukanda wa zinki kutoka maabara, chumvi, msasa.

Misumari isuguliwe kwa msasa mpaka ing'ae. Gramu 35 za chumvi ziyeyushwe katika maji hadi kupata lita moja. Huo ndio karibu ukolezi wa bahari. Msumari wa kwanza utiwe peke yake, wa pili uzungushiwe waya wa shaba, wa tatu uzungushiwe ukanda wa zinki. Bilauri zote zijazwe mmumunyo kwa kiasi kilekile na kuachwa kwa siku saba. Kila siku wanafunzi waandike rangi ya maji na hali ya kila msumari.

Ikiwa kazi imefanywa vema, msumari wenye shaba utaonekana kushika kutu zaidi ya ule ulio peke yake, na wenye zinki utabaki karibu safi huku zinki ikifanya unga mweupe. Shule zilizo pwani zaweza kuongeza jaribio la pili: vipande vya ubao, kioo, plastiki na shaba vyenye ukubwa sawa vining'inizwe chini ya gati kwa majuma manne, kisha viumbe waliotua juu ya kila kipande wahesabiwe kwa sentimita ya mraba. Ruhusa ya wenye gati iombwe kwanza, na mwalimu awepo wakati wa kutumbukiza na kutoa vipande.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kinga ya Davy iliiokoa shaba lakini ikaongeza mwani?
2. Andika mlinganyo wa kemia wa asidi hidrokloriki na gamba la barnakli. Ni gesi gani hutoka?
3. Mwenye boti ya matembezi anapendelea rangi ya bei nafuu yenye shaba nyingi; jirani yake analima mwani ghubani humohumo. Wasikilizane kwa msingi gani? Toa hoja za pande zote mbili.
4. Katika kijiji au mtaa wenu, mafundi hutumia nini kukinga mbao, na sababu yake ya kisayansi ni ipi? Waulize wazee, andika majibu yao, kisha yajaribu.